Kusasisha mfumo endeshi wa kwenye flashi kupitia mashine pepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye flashi au SSD ya nje iliyobeba mfumo endeshi mzima, uwe Linux au Windows, ambaye anataka kuusasisha bila kuzima kompyuta anayofanyia kazi, kwa kutumia mashine pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya dirisha. Nimeeleza zaidi pale ambapo watu huumia, na nimepita haraka pale ambapo mambo hujiendea yenyewe.

Kwa nini nihangaike na mashine pepe wakati naweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenyewe?

Kama una kompyuta ya pili iliyokaa bure, huhitaji mashine pepe. Iwashe kwa flashi, sasisha, zima, basi. Mashine pepe inafaa pale kompyuta ni moja na kazi haingojei. Masasisho ya miezi sita yanaweza kula saa nzima, na muda wote huo mfumo wako wa kawaida umezimwa. Ndani ya mashine pepe, flashi inasasishwa kwenye dirisha moja huku wewe unaendelea kuandika kwenye dirisha jingine.

Kuna faida nyingine mbili ambazo watu hawazitaji sana. Flashi isiyo na draiva ya Wi-Fi ya kompyuta hiyo inapata intaneti hata hivyo, kwa sababu mashine pepe huipa kadi ya mtandao ya kubuni ambayo karibu kila mfumo unaijua. Halafu, mfumo ulio ndani ya mashine pepe hauzioni diski nyingine za kompyuta. Sasisho la GRUB, programu inayoanzisha Linux, haliwezi kujiandika kimakosa kwenye diski ya ndani, wala menyu ya flashi haijazwi majina ya mifumo ya kompyuta ambayo kesho haitakuwepo.

Nitajuaje kama mfumo wangu unasasishika kweli?

Anza na hili, maana wengi hupoteza jioni nzima wakisasisha kitu kisichosasishika. Flashi za Linux ni za aina mbili. Ya kwanza imesakinishwa kikamilifu, kama ambavyo ungesakinisha kwenye diski ya ndani: ina patisheni ya ext4 au btrfs (mifumo ya faili ya Linux), kerneli, yaani kiini cha mfumo, iko ndani ya `/boot`, na kila sasisho linaandikwa mahali pake. Ya pili imenakiliwa kutoka faili ya ISO (taswira ya diski ya usakinishaji). Hapo mfumo wote umefinywa ndani ya faili ya squashfs isiyoandikika, na mabadiliko yako yanawekwa kwenye tabaka la juu tu.

Washa flashi, fungua terminali, andika `findmnt /`. Ukiona ext4 au btrfs, endelea kusoma. Ukiona `overlay`, una aina ya pili. Ukiendesha `apt upgrade` humo, vifurushi vipya vinarundikana juu ya vya zamani ambavyo havifutiki, nafasi inaisha, na kerneli inayowaka inabaki ileile iliyokuja na ISO, kwa kuwa inapakiwa kabla tabaka la juu halijafunguliwa. Kama hifadhi yako ni faili iliyowekwa ndani ya patisheni ya FAT32, haiwezi hata kufika ukubwa wa GB 4 kamili.

Ushauri wangu kwa aina ya pili ni kuacha kuisasisha. Hamisha faili zako kisha andika ISO mpya, au sakinisha kikamilifu mara moja uondokane na tabu hii.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Hakikisha VT-x au AMD-V, uwezo wa kichakataji wa kuendesha mashine pepe, umewashwa kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI, programu inayoiwasha kompyuta. Bila hiyo mashine pepe itakokota hadi ukate tamaa. Kumbukumbu ya GB 8 inatosha: mpe mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) 4, mwenyeji (mfumo wa kompyuta yako) abaki na 4.

Kisha bakapu. Hili silijadili na mtu. Kwenye Linux:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN
sudo dd if=/dev/sdX of=flashi.img bs=4M status=progress
```

Safu ya TRAN itakuonyesha neno `usb` kwenye mstari wa flashi yako. Linganisha ukubwa na modeli kabla hujabonyeza Enter, na weka herufi sahihi badala ya X. Ukishapata `flashi.img`, chochote kitakachoharibika huko mbele kitarudi kwa amri moja.

Jambo dogo lenye uzito: jina `/dev/sdb` si la kudumu. Leo ni flashi, kesho ukichomeka diski nyingine kwanza, jina hilohilo linakuwa la diski hiyo. Mashine pepe uliyoipangia `/dev/sdb` itaandika huko bila kuuliza. Tumia njia ndefu iliyo ndani ya `/dev/disk/by-id/`, ambayo hubeba modeli na namba ya kifaa. Angalia kwa `ls -l /dev/disk/by-id/ | grep usb`.

Je, flashi inaweza kuharibika?

Kifaa chenyewe hapana. Data, ndiyo, na upesi sana. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ext4 na NTFS (mfumo wa faili wa Windows) zimeundwa zikidhani kuwa mfumo mmoja tu ndio unaoandika. Ukichomeka flashi, mwenyeji huifungua mwenyewe na kukuonyesha folda zake. Ukiwasha mashine pepe katika hali hiyo, mifumo miwili inaandika juu ya jedwali moja la faili, kila mmoja akitegemea kumbukumbu yake ya jinsi mambo yalivyokuwa. Hakuna onyo linalotokea. Unagundua siku mbili baadaye faili zinapofunguka zikiwa takataka.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha mashine pepe, tenganisha patisheni zote za flashi kwa `sudo umount /dev/sdX?*`, kisha endesha `lsblk` tena na uhakikishe safu ya MOUNTPOINTS ni tupu. Usitumie kitufe cha kutoa flashi kwa usalama kilicho kwenye kidhibiti faili, kwani mara nyingi huzima kifaa chote na mashine pepe haitakipata.

Mlango wa pili wa ajali hiyohiyo ni kuhifadhi hali ya mashine pepe badala ya kuizima. Ukifunga dirisha la VirtualBox, moja ya programu za mashine pepe, ukachagua kuhifadhi hali, ukaenda kuwasha kompyuta halisi kwa flashi, kisha ukarudi kuendeleza ile hali iliyohifadhiwa, mgeni ataandika juu ya diski kwa kumbukumbu za jana. Zima kabisa, kila mara. Kwenye Windows zima pia ile kasi ya kuwaka kwa haraka, kwa `powercfg /h off`, kwa sababu nayo ni aina ya kulala usingizi.

Naunganishaje flashi na mashine pepe kwenye Linux?

Njia fupi kuliko zote ni QEMU, programu ya mashine pepe inayoendeshwa kwa amri:

```
sudo qemu-system-x86_64 -enable-kvm -cpu host -smp 2 -m 4G \
  -drive file=/dev/disk/by-id/usb-JINA,format=raw,cache=none
```

Kama flashi yako huwaka kwa UEFI, ongeza `-bios` ikifuatiwa na njia ya faili ya OVMF, ambayo ni UEFI ya mashine pepe. Kwenye Debian ni `/usr/share/ovmf/OVMF.fd` baada ya kusakinisha kifurushi cha `ovmf`.

Wanaopenda VirtualBox wasijaribu kupitisha flashi kama kifaa cha USB wakitegemea iwake, kwani BIOS ya VirtualBox haiwaki kutoka USB. Tengeneza faili ndogo ya VMDK inayoelekeza kwenye diski nzima:

```
VBoxManage createmedium disk --filename=flashi.vmdk \
  --format=VMDK --variant=RawDisk \
  --property RawDrive=/dev/disk/by-id/usb-JINA
```

Faili hiyo ina maelezo tu, data yote iko kwenye flashi. Iunganishe kwenye kidhibiti cha SATA (kiunganishi cha diski za ndani) cha mashine pepe, na utie alama kwenye chaguo la EFI ikiwa inahitajika. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kugusa diski moja kwa moja, hivyo utakutana na kosa la ruhusa. Mafundisho mengi yanasema ujiongeze kwenye kundi la `disk`. Mimi silipendi, kwa sababu linakupa uwezo wa kuandika juu ya diski zote, ya ndani ikiwemo. Amri ya `sudo chown $USER /dev/sdX` inafungua flashi hiyo peke yake, na ruhusa inafutika ukiichomoa.

Na kama mwenyeji ni Windows?

Amri ya VBoxManage ni ileile, ila diski inaitwa `\\.\PhysicalDrive2` au namba nyingine utakayoiona kwenye `diskpart` kwa `list disk`. Fungua terminali na VirtualBox yenyewe kwa haki za msimamizi.

Windows haikubali programu nyingine iandike juu ya patisheni ambayo yeye ameifungua, na ndiyo maana wengi hukwama kwenye `VERR_ACCESS_DENIED`. Kwa SSD ya nje, chagua diski ndani ya `diskpart` kisha andika `offline disk`. Flashi za kawaida hukataa amri hiyo kwa kuwa Windows huzihesabu kuwa vifaa vya kutolewa. Kwa hizo ondoa herufi ya diski kwa `mountvol E: /P`, ukiweka herufi yako.

Nimesasisha, imewaka vizuri ndani ya mashine pepe, lakini kwenye kompyuta halisi haiwaki. Kwa nini?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike majibu haya. Flashi niliyoisasisha ndani ya QEMU iliwaka humo mara tatu bila shida. Nikaichomeka kwenye kompyuta halisi, skrini ikasimama hapa:

```
ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!
(initramfs)
```

Nililinganisha UUID, namba ya utambulisho ya patisheni, herufi kwa herufi, ilikuwa sahihi. Kilichokosekana kilikuwa draiva ya USB.

Kerneli inapoanza, bado haijui kusoma diski. Inategemea kifurushi kidogo kiitwacho initramfs chenye draiva za kuufikia mfumo mkuu. Kila kerneli inaposasishwa, kifurushi hicho hutengenezwa upya, na baadhi ya mifumo, ili kubana nafasi, hutia ndani draiva za mashine ambayo inatumika wakati huo tu. Ndani ya mashine pepe flashi inaonekana kama diski ya ndani, kwa mfano ya SATA au virtio (diski ya kubuni ya mashine pepe). Mfumo unaangalia, unaona SATA, unatia draiva za SATA, unaacha `usb-storage` na `uas` nje. Umefanya kazi yake kwa uaminifu, ila kwa mashine ambayo haipo.

Dawa ni kuuambia mfumo utie draiva zote, na uambiwe kabla ya kusasisha. Kwenye Debian na jamaa zake, fungua `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` uhakikishe kuna `MODULES=most`. Debian huja hivyo, lakini kama wewe au mwongozo fulani mliandika `dep` ili kupunguza ukubwa wa `/boot`, irudishe, kisha:

```
sudo update-initramfs -u -k all
lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep -E 'uas|usb-storage'
```

Mstari wa pili ukitoa majina ya faili, uko salama. Fedora hutengeneza kifurushi cha mashine iliyopo kwa kawaida yake; weka `hostonly="no"` ndani ya faili kwenye `/etc/dracut.conf.d/`, kisha `sudo dracut --force --regenerate-all`. Kwenye Arch, ondoa `autodetect` kwenye mstari wa HOOKS wa `/etc/mkinitcpio.conf`, halafu `sudo mkinitcpio -P`.

Na kama umeshakwama kwenye `(initramfs)`, usifute chochote. Rudisha flashi kwenye mashine pepe, ambako bado inawaka, fanya marekebisho hayo, zima, jaribu tena.

GRUB inaniuliza isakinishwe kwenye diski gani. Nijibu nini?

Kwenye Debian, kifurushi cha `grub-pc` hukumbuka diski kwa jina lake refu. Ndani ya VirtualBox jina hilo limegeuka kuwa kitu kama `ata-VBOX_HARDDISK`, hivyo GRUB haiitambui diski yake ya zamani na inauliza. Chagua diski nzima, si patisheni. Kwa kuwa mgeni anaiona diski moja tu, huwezi kukosea, na hiyo ni raha usiyoipata ukiwa kwenye kompyuta yenye diski nne.

Kwa UEFI, tatizo ni kwamba orodha ya mifumo ya kuwasha huhifadhiwa kwenye kompyuta, na mashine pepe ina orodha yake ya kubuni. Flashi inayohama inatakiwa iwe na faili ya kuwashia mahali ambapo kila kompyuta hutazama, yaani `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`:

```
sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
```

Pitia pia `/etc/fstab`. Patisheni zitajwe kwa UUID. Mstari wenye `/dev/sda1` utafanya kazi ndani ya mashine pepe na kugoma nje.

Flashi yangu ina Windows na inakataa toleo jipya. Mashine pepe itasaidia?

Mara nyingi ndiyo. Windows To Go, yaani Windows rasmi ya kuwasha kutoka flashi, ilikuja na Windows 8 ikaondolewa kwenye Windows 10 toleo 2004, mwaka 2020, na tangu mwanzo haikuruhusu kupanda toleo kubwa moja kwa moja. Masasisho ya usalama ya kila mwezi hupita, lakini toleo jipya hukataliwa. Kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wengi sasa wamegonga ukuta huo.

Ndani ya mashine pepe diski inaonekana ni ya SATA, hivyo kikwazo cha kwanza, cha usakinishaji kukataa diski ya USB, kinaondoka. Cha pili kiko kwenye rejista: nenda `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control`, tafuta `PortableOperatingSystem`, iwe 0 badala ya 1. Anzisha usakinishaji kutoka ISO ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Ikiisha, rudisha 1 kabla ya kuzima. Windows 11 hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa hatua ya kuwasha). VirtualBox kuanzia toleo 7.0 inaweza kuzitoa zote mbili za kubuni.

Niwe mkweli: njia hii ina ajali zaidi kuliko ya Linux. Ukirudi kwenye kompyuta halisi unaweza kukutana na skrini ya `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, ambayo ni shida ileile ya draiva ya USB kwa sura nyingine, na leseni inaweza kudai kuthibitishwa upya kwa kuwa imeona vifaa vimebadilika. Bila bakapu usiianze.

Inakwenda polepole mno. Nifanyeje?

Flashi nyingi husoma vizuri na kuandika faili moja kubwa si vibaya, lakini kusasisha ni kuandika maelfu ya vipande vidogo hapa na pale, na huko ndiko zinakochoka. Kwa hiyo usisasishe flashi. Sasisha bakapu. Ile `flashi.img` uliyoitengeneza iko kwenye diski ya ndani yenye kasi. Inakili iwe `kazi.img`, iwashe kwa QEMU ukiweka jina lake mahali pa njia ya flashi, maliza kila kitu, zima mgeni, kisha iandike yote kwa mkupuo:

```
sudo dd if=kazi.img of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress
```

Binafsi siku hizi ndiyo njia ninayoitumia kwa flashi zote. Mwenyeji na mgeni hawakutani kabisa juu ya kifaa kimoja, na nakala ya awali inabaki haijaguswa. Kinachotakiwa ni nafasi ya mara mbili ya ukubwa wa flashi, na nidhamu ya kutoitumia flashi hadi uandike, kwa sababu chochote ulichokiongeza humo katikati kitafutika.

Naweza kujaribu sasisho bila kuandika kitu?

Ndiyo. Ongeza `-snapshot` kwenye amri ya QEMU na maandishi yote yatakwenda kwenye faili ya muda inayotupwa ukizima. Kwenye VirtualBox, kinyume chake, usichukue snapshoti (nakala ya hali ya sasa) ya VMDK hii: kuanzia hapo mabadiliko yanaandikwa kwenye faili ya pembeni ndani ya kompyuta, nawe utaondoka na flashi isiyosasishwa ukidhani imekamilika.

Flashi imesimbwa. Kuna tatizo?

LUKS, usimbaji wa Linux, haina tatizo. Itakuuliza nenosiri ndani ya mashine pepe kama kawaida. BitLocker, ya Windows, inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kwa kuona mashine imebadilika, basi uwe nao mkononi, nje ya flashi hiyo.

Vipi kuhusu Tails?

Usiisasishe hivi. Tails, Linux ya flashi iliyoundwa kwa faragha, ina kisasishi chake kinachofanya kazi ukiwasha kompyuta kwa flashi, na ikijikuta ndani ya mashine pepe inakuonya, kwa sababu mwenyeji anaweza kuona kila unachofanya humo. Aliyeichagua Tails aliichagua kwa ajili ya usalama huo.

Nina Mac yenye chipu ya Apple.

Chipu za M1 na zilizofuata, kuanzia 2020, ni za ARM. Mfumo wa x86 wa kwenye flashi haupitishwi moja kwa moja. QEMU italazimika kuiga kichakataji kizima, na masasisho ya saa moja yatakuwa ya siku. Tafuta kompyuta nyingine.

Kuna kitu kisichosasishika humo kabisa?

Programu dhibiti ya kompyuta, yaani BIOS, UEFI na vifaa vyake, haiguswi kutoka mashine pepe. Draiva za kadi ya michoro zinaweza kusakinishwa kama vifurushi, ila huwezi kujua kama zinafanya kazi hadi uione kadi yenyewe.

Nijuaje kuwa nimemaliza?

Zima mgeni kwa amri ya kuzima ya ndani yake, endesha `sync` kwenye mwenyeji, subiri taa ya flashi itulie, chomoa. Washa nayo kompyuta halisi, ikiwezekana mbili za kampuni tofauti, moja ya zamani na moja ya karibuni. Andika `uname -r` ulinganishe na toleo uliloliona ndani ya mashine pepe, kisha `systemctl --failed` uone kama kuna huduma iliyogoma. Hadi hapo usiifute ile `flashi.img` ya mwanzo.